Tundu la Fatu na Bomba la Simeo

Kila asubuhi Fatu alishuka mtoni na ndoo, kata na mjukuu wake Husna. Nyumba yake ipo Old Korogwe, karibu na mto Pangani. Maji ya bomba yakikatika, na hukatika mara nyingi, wanawake wa mtaa huo hufukua mchanga kando ya mto. Maji hujikusanya shimoni taratibu. Huyachota kwa kata bila kuyatibua.

Asubuhi hiyo maji yalinuka.

"Bibi, yananuka choo," alisema Husna.

"Nyamaza. Yatatulia."

Fatu aliyachota. Hakuwa na mengine. Haukupita muda Husna akaanza kuhara. Macho yakaingia ndani, midomo ikakauka. Fatu alimbeba mgongoni hadi zahanati. Huko alimkuta Elina, afisa afya wa kata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ananiishia huyu."

Muuguzi alichanganya dawa ya chumvichumvi. Elina akamshika Husna kichwa anywe kidogo kidogo.

"Maji mnayachemsha?" aliuliza.

"Yanachujwa na mchanga. Mama yangu aliyanywa hivyo hivyo."

"Mchanga unazuia taka unazoziona, bibi. Vijidudu vya kinyesi havionekani, na vingi vinapita."

Fatu alikuwa anakumbuka. Aliukumbuka mwaka wa kipindupindu, na dada yake aliyezikwa bila kuoshwa na ndugu zake. Alikumbuka na mikutano ya mtaa. Kila mwaka mtu husimama na kusema majitaka yanaingia mtoni. Kila mwaka hujibiwa, "Tunalishughulikia."

Yanapotoka, kila mtu alipajua. Juu ya mtaa, kando ya barabara kuu, ipo hoteli ya Simeo. Mabasi husimama hapo. Abiria hushuka, hula, hujisaidia, hupanda, huondoka. Wanachoacha huteremka kwa bomba hadi mtoni.

Husna alipopata nafuu, Fatu alipita nyumba kwa nyumba. Wanawake wakaitika, na wanaume wachache. Walipanda hadi hotelini na ndoo tupu. Wakakaa chini mbele ya vyoo.

Basi likasimama. Abiria mmoja akaja mbio.

"Mama, hii foleni ya choo?"

"Foleni ya maji," alijibu Fatu. "Ukiingia humo, mwanangu, sisi ndio tunaokunywa."

Abiria akarudi kwenye basi, ameshika tumbo.

Simeo akatoka. Hakupiga kelele.

"Shikamoo, bibi Fatu."

"Marahaba. Ziba bomba lako."

"Nitaziba. Ila naomba kuuliza kitu. Mhina, wewe uliyejificha nyuma ya mama Gregori. Masika iliyopita ulitapisha vyoo vya nani?"

Mhina alitazama kandambili zake. Mtaa mzima ulijua kazi yake. Choo kikijaa, watu humngoja Mhina na mvua. Mvua ikishika kasi, Mhina hutoboa ukuta wa shimo kwa sururu. Kinyesi kinakwenda na maji ya mvua. Kesho yake jua linawaka, kana kwamba hakuna lililotendeka.

"Sema, usiogope," alisema Simeo. "Cha bibi Fatu je?"

"Kilikuwa kitundu kidogo tu," alisema Mhina.

Watu wakacheka. Kisha wakaanza kuondoka, mmoja mmoja. Fatu alibaki peke yake na ndoo yake. Mwisho akaiinua, naye akaenda.

Jioni Elina, aliyesikia habari hiyo, alimkuta nyuma ya nyumba, akilitazama tundu la choo chake.

"Simeo amenivua nguo mbele ya watu," alisema Fatu. "Na kanivua kwa kweli tupu."

"Kosa lake halipungui kwa sababu ya lako, bibi. Yeye anamwaga kila siku, na uwezo wa kuziba anao. Lakini maji hayaulizi kinyesi ni cha tajiri au cha maskini. Yakitoka hapa yanakwenda vijiji vya chini, mpaka mto unapoingia baharini. Na huko wapo akina Husna."

"Sasa choo kikijaa nifanye nini? Nikile?"

Elina akacheka. "Kikikaribia kujaa, usingoje mvua. Gari la majitaka likiweza kufika, livute, likamwage kwenye mabwawa yaliyojengwa kwa kazi hiyo. Lisipofika, kifukie kwa udongo. Chimba kingine mbali na maji, mita thelathini au zaidi. Kiinue juu, mafuriko yasiingie. Na maji ya kunywa chemsha, hata yakionekana safi."

Kesho yake Fatu alimwita Mhina.

"Njoo na sururu yako. Leo unachimba, hutoboi."

Waliziba tundu kwa mawe na saruji, wakakifukia choo cha zamani. Kipya kilichimbwa mbali na mto. Fatu hakuificha kazi hiyo. Aliwaita majirani waje kutazama. Mama Gregori akaziba chake. Wengine wakafuata, na wasio na nguvu wakachimbiwa.

Kazi ilipokwisha, walipanda tena hotelini na ndoo tupu. Wakakaa pale pale, Simeo akatoka tena. Safari hii Elina alikuwa pamoja nao.

"Mhina," alisema Fatu, "mwambie mwenyeji wetu."

"Matundu yote niliyotoboa nimeyaziba kwa mkono wangu," alisema Mhina. "Limebaki bomba moja tu. Saruji ipo, tajiri. Nikusaidie?"

Elina akamweleza Simeo sheria inasemaje, na muda aliopewa wa kuziba. Wakati huo mabasi mawili yaliiona foleni ya ndoo, yakapita bila kusimama. Hilo Simeo alilielewa upesi kuliko sheria.

Bomba likazibwa. Hoteli ikajenga shimo kubwa la majitaka, na gari likawa linakuja kulivuta. Watu wa Old Korogwe hawakutoa shukrani. Mtu hashukuriwi kwa kuacha kukunywesha kinyesi.

Husna amerudi shule. Maji ya mchangani hayanuki tena. Fatu huyachemsha vilevile.

Masika ikarudi. Mvua kubwa ya kwanza ilishuka mchana. Fatu alijitanda kanga, akatoka kuzunguka mtaa. Nyuma ya nyumba ya jirani mgeni alimkuta Mhina, amelowa, amesimama karibu na choo. Sururu ilikuwa begani.

"Unafanya nini hapo?"

"Mwenye nyumba kaniita, bibi. Nimekuja kumkatalia."

"Unamkatalia na sururu?"

Mhina akacheka. Fatu hakucheka. Alinyoosha mkono, akaipokea sururu, akaenda nayo kwake. Akaiegemeza nyuma ya mlango, ikae hapo mpaka mvua ziishe.