Sahani ya Bati

Treni ilikuwa imefika stesheni ya Ifakara, na jukwaa lilijaa magunia ya mpunga, kuku na watu wanaosukumana. Bernadetha, ndani ya gauni la njano alilolishona mwenyewe, alimgeukia kijana aliyesimama karibu.

"Kaka, husikii harufu ya mpira unaoungua?"

Kijana alinusa huku na huku. Alikuwa mrefu, shati jekundu, kofia mkononi. "Mimi nasikia marashi yako tu, dada. Naitwa Kija."

Wanaume wa kwenye treni hawakosi la kusema! Bernadetha hakucheka. Alimwachia kapu lake la nyuzi, akakimbilia nyuma ya magunia, akaketi chini na kusubiri. Mara hiyo harufu ilipita yenyewe. Aliporudi, Kija alikuwa bado amelishika kapu.

"Umeniachia mzigo kama mumeo!"

Hapo Bernadetha akacheka, na mambo yakaanzia hapo.

Kija alikuwa Msukuma. Baba yake alihamia Idete na ng'ombe, yeye akafanya kibarua kwenye mashamba ya miwa. Kila Jumamosi alishuka treni Ifakara, moja kwa moja hadi kibaraza cha mtaa wa Viwanja Sitini, Bernadetha alikoshona na tajiri wake, Mama Philomena. Ikapita miezi minne ya soda na utani. Kila Jumamosi Bernadetha alijiapia kumwambia siri yake, na kila Jumamosi aliogopa.

Mchana mmoja, mvua nzito ikiwa imetanda juu ya milima, Mama Philomena alimkaribisha Kija kwenye sinia la wali na samaki. Kija akanawa. Papo hapo Bernadetha akanyanyuka, akachukua sahani yake ya bati, akaenda kula peke yake uani.

Kija alimfuata, uso umemshuka. "Kumbe huwezi kula na mchunga ng'ombe?"

"Si hivyo, Kija."

"Ni vipi, basi?"

Bernadetha aliinamia sahani yake. Kija akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Wiki ya tatu baada ya hapo, simu ililia dukani kwa Egidius, jirani yao. Bernadetha akaitwa mbio. Alikuwa Kija.

"Detha, niambie ukweli. Hata kazi hainiendi."

"Ile sahani hainitengi na wewe tu. Inanitenga na watu wote. Nina kifafa, Kija. Wanasema mate yangu yanaambukiza. Hata Mama Philomena, anayenipenda, hali nami chombo kimoja. Ile harufu ya mpira, siku ile stesheni, ndiyo huniambia kinakuja."

Simu ilikwaruza. "Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Vidonge vinapunguza, havimalizi. Nilimlilia Mungu aniponye hadi nikachoka. Sasa namwomba asiniache ninapoanguka, na hajaniacha. Nilikuwa nimeridhika, Kija. Mpaka ulipokuja wewe."

Simu ikakatika. Mvua, au mkono wa Kija? Bernadetha alirudi kwenye cherehani. "Bwana, unanitosha," alisema kimoyomoyo. Maneno hayo aliyazoea miaka mingi, lakini siku hiyo hayakumtuliza.

Jumamosi treni ilipiga honi, ikaondoka stesheni. Sinia likaandaliwa, Kija haonekani. Bernadetha akabeba sahani yake hadi uani, akasali, akala kidogo.

Ndipo alipoiona kofia mlangoni. Kija, amelowa chapachapa, alimwamkia Mama Philomena shikamoo, akapita pembeni ya sinia, akachuchumaa mbele ya Bernadetha. Akatia mkono kwenye ile sahani ya bati, akamega tonge, akala.

"Wewe! Utaambukizwa!" Mama Philomena alipiga kelele.

"Nimemuuliza mganga wa zahanati, mama. Kasema kifafa hakiambukizi hata kidogo." Akamtazama Bernadetha. "Detha, nataka kula hapa maisha yangu yote. Nikuoe?"

Bernadetha alifungua kinywa kujibu. Harufu ikaja, nzito kuliko siku zote.

"Kija. Mpira unaungua."

Alielewa. Akasogeza jiko la mkaa mbali, akavua shati lake jekundu, akalikunja na kumlaza kichwa juu yake.

"Unaogopa?" aliuliza.

"Siogopi. Bwana yupo." Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa ndani ya mkono wa Kija. "Na wewe?"

"Mimi naogopa sana. Ila siondoki."

"Basi ngoja hapohapo," alisema Bernadetha. "Nikiamka, nitasema ndiyo."