Umeme wa Mtaa na Jumba la Kompyuta

Majid alikuwa na duka la vinywaji baridi huko Cibitoke, Bujumbura. Kila asubuhi alipanga chupa za maji na maziwa ya mgando, kisha akamdunga mama yake sindano. Mama huyo, Bi Asiya, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake, insulini, ilikaa katika frigo ya duka, kwa sababu dawa hiyo haipatani na joto.

Mwaka huo jumba kubwa lilifunguliwa upande wa Zone Industrielle, eneo la viwanda. Halikuwa na madirisha. Ndani mlijaa kompyuta zinazotunza picha, barua na hesabu za watu wa nchi nyingi. Majid alifurahi sana.

"Buja yetu imekuwa mji mukubwa!" aliwaambia wateja.

Baada ya muda umeme ulianza kuyumba. Kila jioni taa zilififia. Frigo ilinguruma kidogo, ikashindwa kuendelea, ikanyamaza. Majid alidhani imezeeka. Akaita fundi, fundi akabadilisha mota. Mota mpya nayo ikaungua.

Siku moja baada ya sala ya alasiri, Bi Asiya alishindwa kuinuka kwenye mkeka. Mdomo ulikuwa mkavu, pumzi zinamwenda mbio. Majid akamkimbiza hospitali. Daktari aliitazama ile dawa.

"Sindano ulimupiga vizuri," alisema. "Lakini dawa imeharibika na joto. Ni kama ulimudunga maji."

Majid alitoka nje, akaketi chini, akalia.

Alhamdulillahi, Bi Asiya alipata nafuu. Siku aliporudi nyumbani, jirani yao Candide alikuja kumjulia hali. Candide alifundisha ufundi wa umeme katika shule moja, na mtaa mzima ulimwita Madamu. Alikuja na vyungu viwili. Alitia kile kidogo ndani ya kile kikubwa, akajaza mchanga katikati, akaulowesha kwa maji.

"Funga dawa mu plastiki isilowe, uiweke humu ndani," alimwambia Majid. "Funika na kitambaa chenye maji. Weka kwa kivuli, penye upepo, na mchanga usikauke. Haiko frigo, lakini itapunguza joto."

"Aksanti, Madamu. Lakini hii courant yetu, umeme wa mtaa, nani anaikula?"

Candide alivuta kiti.

"Lile jumba na mtaa wetu tunatumia kituo kimoja cha umeme. Kompyuta zao hazilali, usiku na mchana. Zinapata joto, na mashine za kuzipoza zinakula courant pia. Jioni sisi wote tukiwasha taa, kituo kinazidiwa."

"Basi wanalipa bei kubwa."

"Apana. Wanalipa bei ndogo kuliko we. Walipewa ruzuku."

"Ruzuku ni nini?"

"Ni musaada wa mufuko wa watu wote. Kampuni inalipa kidogo, ile inabakia inatoka mu kodi. Kodi yako na kodi yangu."

Majid aliruka. "Kumbe mi ndiye nawalipia!"

Habari zilienea upesi. Kesho yake vijana walikusanyika kwa hasira. Mmoja alikuwa na koleo la kukatia waya, wengine mawe. Majid alimkumbuka mama yake pale kwenye mkeka, akachukua nondo, akafuatana nao.

Walipofika kwenye geti la jumba, penye waya za umeme, walimkuta Candide amewatangulia, amesimama mbele ya geti, mikono ameitanua.

"Hii waya ukiikata, itakuua hata hujalia bado," alisema. "Na wakija kuitengeneza, jioni taa zenu zitafifia vilevile. Jumba si adui. Linatoa kazi, na hospitali zinaweka habari za wagonjwa humu. Kibaya ni mapatano. Tuombe yabadilishwe."

"Toka hapo, Madamu!" kijana mmoja alifoka, jiwe mkononi.

Hakusogea. Miwani yake ilikuwa inateleza kwa jasho, lakini hakuishika, ili mikono ibaki wazi. Majid alikuwa akimuuzia maziwa miaka mingi. Hakujua kwamba mwanamke huyu mwembamba ana moyo wa namna hii. Aliweka nondo chini, akaenda kusimama karibu naye. Mmoja baada ya mwingine, mawe yakaanguka.

Wakaomba mkutano wa watu wote, na wakaupata. Kampuni ilimtuma mhandisi wake, Népomuscène. Candide alieleza polepole, bila matusi, mpaka hata wauza ndizi wakaelewa. Kisha Majid akasimulia yaliyompata mama yake.

Népomuscène aliinamisha kichwa. "Sisi tulipima kompyuta zetu tu," alisema. "Nyumba zenu hatukuzipima. Tulikosea."

Haikuwa kazi ya siku moja. Candide alirudi kwa wakubwa wa serikali mara nyingi, mvua na jua. Mwishowe mapatano yakaandikwa upya. Kampuni itapata ruzuku ikitimiza masharti tu: iweke paneli za sola juu ya paa, ihifadhi umeme katika betri, na jioni itumie umeme huo wake. Sehemu ya ruzuku ikanunua transfoma mpya ya mtaa.

Kazi ilipokamilika, taa zikang'aa jioni nzima. Bi Asiya akapata dawa nzuri, akarudi kukaa barazani na kuwatania wapita njia.

Mwaka uliofuata, kampuni nyingine ilikuja kuomba kujenga jumba kama lile karibu na bandari. Mkubwa wake alisema mkutanoni kwa ufasaha juu ya maendeleo. Watu wakamgeukia Candide, lakini Majid alishasimama.

"Karibu sana, bwana," alisema. "Tuambie kwanza: umeme wenu utatoka wapi, na nani ataulipia?"

Yule mkubwa akafungua mkoba wake, akaanza kupekua karatasi. Candide alibaki ameketi, akitabasamu. Nyuma ya Majid, mikono mingi ilikuwa imeinuliwa, kila mmoja na swali lake.