Ngassa, Mama Mkwe na Ardhi Iliyoshiba

Ngassa ni mkulima wa mpunga. Anaishi bondeni, nje kidogo ya Kahama, na mkewe Bernadina, binti yao Vumilia na ndama wao. Huku kwetu maji ni mali, kwa hiyo Ngassa hakuruhusu hata tone lipite. Aliziba njia ya maji kwenye jaruba lake la mpunga, akainua tuta.

Mwaka huu mvua zilinyesha mfululizo. Jaruba likajaa. Uani miguu ilizama kwenye tope. Ngassa akaongeza tuta tena! Jamani, mtu huyu!

Mchana mmoja, Vumilia akiwa shuleni, alikuja bibi shamba, Euphrasia.

"Shikamoo, Baba Vumilia."

"Marahaba, mwanangu. Umeuona mpunga wangu?"

"Nimeuona. Na lile wingu umeliona? Redioni wametangaza mvua ya radi. Zibua njia ya maji, kisha nendeni juu mapema."

Ngassa akacheka. "Wiki iliyopita ilinyesha kutwa nzima, hatukufurika. Mvua ya radi ni ya saa moja tu, itanifanya nini?"

"Leo umekula nini?"

"Ugali. Nimeshiba mpaka hapa shingoni."

"Nikikulazimisha sahani nyingine?"

"Nitaitapika!"

"Basi na ardhi imeshiba. Wiki iliyopita ilikuwa na nafasi, ikanywa. Leo hainywi tena. Maji yatapita juu juu mpaka mlangoni kwako. Na hilo tuta likipasuka, yatakuja yote kwa mpigo."

Ngassa akalitazama tuta lake. "Juu wapi?" akauliza.

"Kwa mama yangu, pale kilimani," Bernadina akadakia.

"Kwa mkwe? Mimi?" Hapo ndipo Ngassa aliposhtuka kweli. Kwao mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Hata wakikutana njiani, humpisha huku akitazama pembeni. "Bora nife maji!"

"Haya," alisema Bernadina, akifungua zizi. "Ila ndama hana mkwe. Sisi tunaondoka. Vumilia nitampitia shuleni."

Ngassa alibaki peke yake na tope. Akanung'unika, akachukua jembe, akazibua njia ya maji. Akabeba gunia la mbegu, akapanda kilima. Ngurumo ilipolia, akakimbilia chini ya mti.

"Toka hapo!" Euphrasia, aliyemsindikiza Bernadina, alimpigia kelele kutoka mlangoni kwa mkwe. "Mti unavuta radi. Ingia ndani!"

Akaingia. Nyumba ya mama mkwe, Sesilia, ina chumba kimoja tu. Ngassa akautazama ukuta, ndama akimlamba sikio. Sesilia akajifunika khanga uso mzima.

Mvua ilikuwa fupi, lakini nzito. Maji yakashuka bondeni kwa kishindo, yakabeba zizi na jiko la nje. Ngassa akachungulia dirishani.

"Baiskeli yangu!" akapiga kelele, akaukimbilia mlango.

"Mkwe, kaa chini!" Sesilia alifoka ndani ya khanga. "Maji yanayokimbia hayavukwi! Baiskeli itanunuliwa nyingine. Baba wa Vumilia nitampata wapi?"

Ngassa akakaa. Machozi yalimtoka, akasingizia ndama.

Siku hizi zizi liko kilimani. Jaruba likijaa, Ngassa huzibua njia ya maji. Na ardhi ikiwa imelowa, wingu likianza kutanda, yeye ndiye wa kwanza kubisha.

"Hodi, mkwe!"

"Karibu," Sesilia hujibu ndani ya khanga. "Ukuta wako ule pale."