Daftari Dogo Ndani ya Kompyuta

Mwaka wa 1999 Prakash alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, karibu na soko. Aliuza misumari, mabati, majembe na rangi. Wakulima wa chai kutoka Nyaramba na wakulima wa ndizi kutoka Ekerenyo walimpenda kwa sababu mbili. Aliwasalimu kwa Kigusii, "Bwakire," hata kabla hajajua kama watanunua. Tena hakumwuzia mtu bati lenye tundu.

Familia yake iliishi ghorofani, juu ya duka. Alikuwapo mke wake Lata, na binti yao Mitali ambaye aliwasaidia dukani. Mwana wao Abhishek alikuwa Uingereza, katika mji wa Leicester, pamoja na mkewe Khushi.

Simu ilikuwa moja. Asubuhi ilikuwa ya duka. Saa nane mchana, wateja walipopungua, Mitali alichomoa waya kutoka kwenye simu na kuuchomeka kwenye kompyuta ambayo kaka yake aliwaachia. Kompyuta ililia, ikakoroma, kisha ikaingia kwenye intaneti. Kwa njia hiyo walisoma barua za Abhishek.

Lakini watu wa Kisii wanaijua mvua yao. Saa tisa na nusu hivi mawingu hukusanyika, na mvua ikianza, laini ya simu hukatika. Kwa hiyo muda wao wa intaneti ulikuwa mfupi.

Jumanne moja Abhishek alipiga simu. Khushi alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Wote wawili walikuwa wazima. Lata alilia na kucheka kwa wakati mmoja, akamnyang'anya mumewe simu.

Sasa, kwao Wahindi kuna desturi. Mtoto hapewi jina na baba wala mama. Anayempa jina ni shangazi yake, dada wa baba. Shangazi huyo alikuwa Mitali. Abhishek alisema sherehe ya jina ingefanyika Jumapili asubuhi, na kuhani alikuwa ameshasema jina lianze na Ra au Ta. Angepiga simu siku hiyo, na Mitali angelitamka jina huku watu wote wa Leicester wakisikiliza. Picha ya mtoto alikuwa ameituma kwa barua ya kompyuta.

"Ni vizuri umeituma," Mitali alimwambia. "Siwezi kumpa mtu jina kama sijamwona uso."

Abhishek alidhani anatania. Hakuwa anatania.

Jumatano saa nane waliketi wote watatu ghorofani, mbele ya kompyuta. Ukurasa wa barua ukaanza kufunguka. Juu kabisa likatokea tangazo la gari jekundu linalozunguka. Kando akatokea mtu anayerusha dadu. Chini ukatokea ubao wa njano unaowaka na kuzima, ukisema kwa Kiingereza kwamba wao ni washindi. Matangazo hayo yalishuka polepole, kipande kwa kipande, na picha ya mtoto ikangoja nyuma yake.

Mwishowe picha ikaanza kuteremka kama pazia. Zikaonekana nywele. Likaonekana paji la uso. Kisha matone ya kwanza yakagonga paa, na laini ikakatika.

Jioni nzima walibishana juu ya paji hilo. Prakash alisema ni la ukoo wake. Lata alimwambia atulie, maana paji la ukoo wake lilijulikana kwa kupanuka kila mwaka.

Alhamisi mambo yakawa yale yale. Nywele, paji, mvua.

"Yule mtu wa dadu nimemwona mara kumi na moja," Prakash alisema. "Mjukuu wangu sijamwona hata mara moja."

Ijumaa saa saba mchana Mitali alikwenda kumwita Mwalimu Bathsheba Nyanchera. Mwalimu huyu alifundisha kupiga taipu na kutumia kompyuta katika chuo kidogo kilichokuwa jirani na duka. Kwao ni Keumbu, naye ni Msabato. Siku ya Ijumaa hurudi nyumbani mapema, ili jua likizama awe amepika, ameoga na ameweka kazi zote kando. Hazigusi tena mpaka jua la Jumamosi lizame.

"Nina saa mbili tu, Baba Abhishek," alisema alipoketi. "Hebu nione ugonjwa wenyewe."

Mitali alifungua ukurasa. Mwalimu hakuangalia gari wala dadu. Aliangalia sehemu ya chini kabisa ya dirisha la kompyuta, ambako maandishi madogo yalikuwa yakibadilika haraka. Alitoa kalamu akaandika majina mawili.

"Mnaona majina haya yanayoanza na ads?" aliuliza. "Matangazo hayatoki kwenye nyumba ya barua zenu. Yanatoka kwenye nyumba nyingine. Kompyuta yenu inazipigia nyumba hizo zote, na laini ni moja."

Prakash aliuliza kwa nini kompyuta iwapigie watu ambao yeye hawajui.

Mwalimu alinyoosha kidole kwenye daftari lililoning'inia kwa kamba kando ya simu. Aliuliza linafanya kazi gani. Prakash akamweleza kwamba ni la namba za simu. Ukitaka kumpigia mtu, unaangalia kwanza humo. Kama hayumo, unamwuliza opereta.

"Basi kompyuta nayo iko hivyo hivyo," Mwalimu alisema. "Haiwezi kwenda mahali kwa jina. Lazima ipate namba. Ikikuta jina, huangalia kwanza daftari dogo lililo ndani yake. Jina lisipokuwamo, ndipo inapouliza opereta wa mbali. Sasa niambie. Ukiandika kwenye daftari lako kwamba namba ya mtu fulani msumbufu ni namba ya hapa hapa kwako, mwenye kumpigia atampata nani?"

"Hatampata mtu. Atakuwa anajipigia mwenyewe."

"Ndivyo tutakavyofanya."

Alifungua programu ya kuandikia, akamwachia Mitali kiti ili aandike kwa mkono wake mwenyewe. Kila mstari ulianza na namba 127.0.0.1. Mwalimu alieleza kwamba kila kompyuta hutumia namba hiyo kujiita yenyewe. Baada ya namba, nafasi. Baada ya nafasi, jina la nyumba ya matangazo. Kwa mfano:

127.0.0.1 ads.kelele.com

Jina moja, mstari mmoja.

Walipomaliza, Mitali alitaka kuhifadhi. Mwalimu alimshika mkono. Daftari hilo, alisema, lazima liitwe hosts, bila mkia wowote, na likae ndani ya folda ya Windows. Programu ya kuandikia ina tabia ya kuongeza mkia wa txt bila kumwuliza mtu. Ikiongeza, kompyuta haitalitambua daftari. Kwa hiyo Mitali aliandika jina hilo ndani ya alama za kunukuu, na mkia haukuongezwa. Kisha wakafunga madirisha yote na kuanza upya.

Ukurasa ulifunguka. Mahali pa gari jekundu palikuwa na kisanduku cheupe chenye alama ndogo nyekundu ya X. Mtu wa dadu naye hakuwapo. Ubao wa njano peke yake ulikuwa bado unawaka.

Lata alicheka. "Amekwenda wapi na dadu zake?"

"Yuko kwake," Mwalimu alisema. "Ila hatukumpigia."

Prakash akasema yeye pia ni mfanyabiashara na ana bango nje ya duka. Je, si vibaya kuzuia mabango ya wenzake? Mwalimu alikubali kwamba hilo ni swali zuri. Wenye nyumba ya barua hawatozi senti kwa sababu wanalipwa na hao wa matangazo. Kama laini ingekuwa na nguvu, angewaambia wayavumilie.

"Bango langu halimzuii mteja mlangoni," Prakash alisema baada ya kufikiri. Suala hilo likaishia hapo.

Safari hii picha ilifika kwenye nyusi, na mvua ikanyesha. Mwalimu alitazama saa akachukua mkoba wake. Mlangoni aliwaachia maneno mawili. La kwanza, wakitaka kuongeza jina, waongeze moja tu, kisha wajaribu. "Mkiongeza mengi na kitu kikaharibika, hamtajua aliyeharibu ni nani." La pili, mstari ukileta matatizo wasiufute. Waweke alama # mwanzoni mwake, na kompyuta itauruka.

Jumamosi, Mitali alipokuwa akihudumia wateja, Prakash alipanda ghorofani peke yake. Yeye ni mtu ambaye akianza kupanga misumari, hupanga masanduku yote mpaka la mwisho. Ubao mmoja wa njano ulimkera kama sanduku lililobaki wazi. Aliunganisha simu, akakazia macho sehemu ya chini ya dirisha, na kila jina lililopita hapo akaliandika kwenye karatasi. Alipata matano. Yote matano akayaingiza kwenye daftari la kompyuta, akalihifadhi kama alivyomwona Mitali akifanya.

Saa nane na nusu aliwaita wenzake kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Ukurasa ulifunguka upesi ajabu. Ubao wa njano haukuwapo. Barua ya Abhishek ilikuwa safi kama shati lililopigwa pasi. Na mahali pa picha ya mtoto palikuwa na kisanduku cheupe chenye X nyekundu.

Hata nywele hazikuonekana.

Lata alikwenda kusimama dirishani. Wingu lilikuwa limeshaanza kufunika mlima wa Manga.

Mitali alisema pengine wampigie jirani wa Mwalimu kule Keumbu, amwite mara moja tu.

"Leo ni Sabato yake," Lata alisema bila kugeuka. "Siku ya Diwali yeye amewahi kutuita tufungue duka?"

Prakash alivua miwani akaifuta. "Kosa ni langu," alisema. "Nimemfungia mjukuu wangu mlango. Lakini kama ni mimi niliyefunga, basi ufunguo uko humu humu ndani. Mitali, Mwalimu alisema tufanye nini?"

Mitali alikumbuka. X nyekundu ni dalili kwamba jina limezuiwa, na aliyelizuia ni wao wenyewe. Alilifungua daftari na kuyasoma majina matano ya baba yake, moja baada ya jingine. Manne yalianza na ads au na neno la kufanana nalo. La tano lilianza na img. Mwisho wake ulikuwa jina la nyumba ya barua yao yenyewe.

"Papa, hili si tangazo," alisema. "Hiki ni chumba cha picha cha nyumba ile ile inayoweka barua zetu. Ndimo mtoto alimo."

"Mimi niliona linapita tu hapo chini."

"Kila kitu hupita hapo chini. Lazima ukitazame ni cha nani."

Aliweka alama # mwanzoni mwa mstari huo mmoja. Akahifadhi. Akafunga madirisha yote, akafungua upya. Ngurumo ya kwanza ilisikika upande wa Nyamira.

Picha ikaanza kuteremka. Nywele. Paji la uso. Nyusi. Lata alikuwa amesharudi, mkono wake uko begani kwa mumewe. Macho, yamefumbwa. Pua ndogo. Kisha mdomo, umefunguka wote, mtoto anapiga miayo. Kidevu. Kola ya fulana ya kijani.

Mitali hakungoja. Aliihifadhi picha ndani ya kompyuta papo hapo, na alipoinua kidole kutoka kwenye kipanya, mvua ikamwagika na laini ikakatika. Haikuwa shida tena. Mtoto alibaki pale, anapiga miayo. Ukurasa ambao awali haukumalizika hata kwa saa nzima, sasa ulifunguka wote kwa dakika saba.

"Paji ni langu," Prakash alisema.

"Chukua paji," Lata alimjibu. "Mdomo niachie mimi."

Jumapili asubuhi Mwalimu Bathsheba alikuja na mkoba wa disketi, tayari kutengeneza iwapo kuna kilichoharibika. Alikuta picha ipo kwenye kioo cha kompyuta, na chai iko tayari. Kando ya kompyuta alikuta daftari jipya la shule limefungwa kwa kamba, kama lile la simu. Prakash alikuwa ameandika humo kila jina lililozuiwa, tarehe, na sababu. Mwalimu alisoma mstari wa mwisho kwa sauti.

"Jumamosi. Linaanza na img. Nimekosea. Huyu ni wa nyumbani, asifungiwe."

Alimwambia Prakash kwamba wanafunzi wake wa mwaka mzima hawaandiki vizuri hivyo. Prakash alijifanya hakusikia, lakini alimwongezea chai.

Kabla chai haijapoa, simu ililia. Lata aliwahi kuipokea, akampa Mitali. Kwa mbali zilisikika sauti za watu wengi, kisha zikanyamaza zote. Mitali aliugeukia uso ule mdogo kwenye kioo, akautazama kama mtu anayetaka kuwa na hakika.

"Rahul," alisema.

Leicester wakapiga makofi, na kelele zao zikajaa chumba kile kidogo mjini Kisii. Lata alitaka alisikie jina hilo mara ya pili. Mwalimu Bathsheba alilirudia polepole na kusema ni jina zuri.

Prakash alivaa miwani, akachukua kalamu. Katika daftari la simu, chini ya jina la Abhishek, aliandika Rahul. Mahali pa namba akapaacha wazi kwanza, maana mtoto alikuwa na siku sita tu.