Aliyejibu Kwenye Stoo ya Majarida

Kiti kilikuwa na joto. Ilikuwa saa moja asubuhi, ukungu wa Embu bado umekaa kwenye madirisha. Rwamba alikuwa amefungua ukumbi mpya wa maktaba ya sayansi, akakikalia kidogo kiti cha mkuu, kama alivyozoea kufanya kabla wenzake hawajafika. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Lakini ufunguo alikuwa nao yeye peke yake, na ukumbi ulikuwa mtupu.

Kiti kile, kwa haki, kilipaswa kuwa chake. Ndivyo alivyoamini. Alikuwa ametumikia maktaba ile miaka kumi na tisa, tangu enzi za paa linalovuja na wanafunzi sitini kugombania nakala tatu za kitabu cha kemia. Ni yeye aliyeandika barua mwaka baada ya mwaka: tuongezeeni meza, tuwekeeni taa, wanafunzi wa viti vya magurudumu wanabebwa kwenye ngazi kama magunia. Hatimaye chuo kikasikia. Zikaja kompyuta arobaini, meza zenye soketi, intaneti ya kasi, njia ya mteremko mlangoni. Akaja pia Carol Nkirote kutoka Meru, mwenye miaka ishirini na tisa na shahada mbili, awe mkuu. Rwamba akapelekwa nyuma, kwenye stoo ya majarida ya zamani.

"Mama Rwamba, haya majarida ni wewe tu unayajua," Carol alimwambia. "Bila wewe tutapotea kabisa."

Heshima ile ndiyo iliyomchoma zaidi. Afadhali angetukanwa.

Kutoka stoo aliwasikia wanafunzi wakicheka na Carol ng'ambo ya ukuta, wakimshukuru kwa meza alizoziomba Rwamba. Alasiri moja, akipangusa vumbi, akanong'ona, "Ningepata hata siku moja tu bila kuisikia hiyo sauti!"

"Nimesikia," kitu kikajibu nyuma ya rafu.

Kilisema kwa Kiembu, na kwa sauti ya Rwamba mwenyewe. Papo hapo stoo ikajaa harufu ya nywele zilizoungua. Kitambaa kikamwanguka. Alijua anapaswa kukimbia. Hakukimbia. Alisimama akasikiliza, na moyoni, jambo ambalo hakumwambia mtu, akafurahi kidogo.

Jumatatu sauti ya Carol ilikwaruza. Jumatano ikapotea kabisa. Daktari alimtazama koo, akasema ni zima. Carol akaendelea na kazi, akiwaandikia watu kwenye karatasi, na harufu ile ikahamia ukumbini, ikawa inamfuata kutoka meza hadi meza.

Ijumaa, saa tisa mchana, ukumbi ukiwa umejaa watu wanaojiandaa kwa mitihani, kompyuta zote arobaini zilizima kwa pamoja, kisha zikawaka, na vibonye vikaanza kugonga bila kidole cha mtu, tak, tak, tak, kama mvua inayoanza juu ya mabati, mpaka kila kioo kikawa kimejaa maneno yale yale, KITI NI CHA RWAMBA, na wanafunzi wakapiga mayowe wakakimbilia mlangoni wakiacha mabegi na viatu, na pale kwenye kaunta Carol akaanguka chali, akichanachana hewa shingoni mwake kana kwamba anajaribu kubandua vidole vya mtu ambaye hakuna aliyemwona.

"Ngai, Mungu wangu!" Rwamba alisema, akitokea mlangoni mwa stoo.

Faiza, mhudumu wa kaunta, alipiga simu mbili: moja ya gari la wagonjwa, nyingine kwa baba mkwe wake, Mzee Younis, muuza vitambaa wa mjini aliyejulikana kwa kuwasomea Kurani watu waliopagawa. Mzee ndiye aliyefika kwanza. Alipiga magoti, akamshika Carol kichwa, akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

Mdomo wa Carol ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Rwamba.

"Sikujiingiza hapa. Niliitwa."

"Nani aliyekuita?"

"Yupo. Muulize mwenyewe."

Mzee Younis aliinua macho, akamtazama Faiza, kisha Rwamba. "Aliyemwita jini huyu amkatae kwa mdomo wake," alisema polepole. "Mimi siwezi kumkataa kwa niaba yake. Na huyu binti pumzi zinamwishia."

Hapo jini likageukia Kiembu, kwa upole, lugha ambayo Faiza na mkwewe hawakuijua. "Nyamaza tu, Rwamba. Sikuombi kitu kingine. Gari likifika atakuwa amekwenda, na kiti ni chako."

Rwamba alikiona kiti, kiko wazi hatua mbili tu kutoka alipo, na meza yake safi, na dirisha linalotazama miti ya bustani, na akawaza barua zote zile, miaka yote ile, na jinsi ambavyo hangehitaji kunyoosha hata kidole, kwa sababu kunyamaza si kuua, nani angemlaumu mtu kwa kunyamaza, na huku akiwaza hayo midomo ya Carol ilikuwa inageuka rangi ya majivu na Mzee Younis anasoma kwa haraka zaidi na sauti inamkatika, na bado Rwamba alikuwa amesimama, kimya.

"Ni mimi!" hatimaye akalia. "Ni mimi nilimwonea wivu! Sikutaki! Sitaki kiti! Mwache mtoto wa watu, toka!"

Madirisha yote yakagonga mara moja. Harufu ikakatika. Carol akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akakohoa, akalia.

"Alhamdulillahi," Mzee Younis alisema, jasho likimtiririka. Faiza akakimbilia maji.

Rwamba alipiga magoti, akaushika mkono wa Carol. Mkono ule ulijitoa taratibu mkononi mwake.

"Mama Rwamba," Carol alisema. Sauti ilikuwa yake tena, nyembamba, imechoka. "Mimi ni Mmeru. Kiembu nakisikia."

Rwamba akaurudisha mkono wake mapajani.

"Nilisikia kile jini lilikuambia. Chote." Macho ya Carol hayakupepesa. "Mbona ulikawia hivyo?"

Nje, gari la wagonjwa lilikuwa linaingia getini.