Uso wa Mwamba Ndani ya Kamera

Watu wa Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Kindu, walizoea kumwona Emerance na kamera shingoni. Asubuhi alipiga picha za wanafunzi wanaotaka kadi za shule. Jumamosi alipiga harusi, Jumapili ubatizo. Jioni alimwagilia lengalenga bustanini, kamera ikining'inia palepale. Mama yake alimtania kwamba siku moja ataolewa nayo.

Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Picha zake zilikuwa na mwanga mzuri, na hakuna mtu aliyekatwa kichwa. Lakini alikuwa na desturi moja mbaya, nayo ilikuwa ya wapiga picha wengi wa upande ule wa mto. Picha zote aliziacha ndani ya kamera. Alivuka Lualaba kwa mtumbwi, akazipeleka labo mjini zichapwe, kisha akawagawia wenyewe. Kadi ya kamera ikijaa, alifuta za zamani ili apate nafasi.

"Mutu akishapata karatasi yake, kazi imeisha," alisema.

Kompyuta alikuwa nayo, kuukuu, aliyoachiwa na mjomba wake. Aliitumia kusikilizia nyimbo tu.

Mama Jeannette, mama yake, alikuwa na hamu moja iliyomkaa rohoni: kuuona tena uso wa mumewe. Mume huyo, Mwamba, alikuwa fundi wa reli. Alikufa wakati wa vita, Emerance hajatimiza hata mwaka. Siku zile treni hazikufika tena Kindu. Chumvi ilikuwa adimu, na watu walilala porini kwa kuogopa risasi. Mama Jeannette naye alikimbia na mtoto wake. Aliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Hata albamu ya picha ilikuwa imechukuliwa.

"Masufuria wachukue, sawa," alizoea kusema. "Lakini picha za mutu wangu, walizitakia nini?"

Mwaka huu, Mama Jeannette alipokuwa Kailo akivuna mpunga kwa dada yake, mgeni alibisha hodi. Alikuwa Papa Florentin wa Kibombo, aliyefanya kazi ya reli pamoja na Mwamba. Mfukoni alikuwa na picha ya karatasi, pembe zake zimelika. Vijana wawili wamesimama mbele ya stesheni, mmoja ameshika nyundo.

"Huyu mwenye nyundo njo baba yako, ndiye mwenyewe," Papa Florentin alisema.

Emerance aliitazama mpaka macho yakamuuma. Papa Florentin hakutaka kuachana na picha yake, maana ilikuwa ya ujana wake pia. Basi Emerance akaiweka mezani karibu na dirisha, akaipiga mara tatu kwa kamera. Mgeni akanywa chai, akapanda pikipiki, akarudi kwao.

Jioni Emerance alimpigia mama yake simu.

"Usinielezee namna anaonekana," Mama Jeannette alisema. "Iweke kwenye karatasi kubwa. Mavuno yakiisha, nitakuja kumuona mwenyewe."

Wiki mbili baadaye habari zilifika kutoka Kibombo. Mvua kubwa imeezua nyumba ya Papa Florentin. Mizigo yake yote imelowa, na ile picha imegeuka uji. Kwa hiyo uso wa Mwamba ukabaki mahali pamoja tu duniani, yaani ndani ya kamera ya Emerance. Naye Emerance alikuwa hajaipeleka labo. Kila siku alisema kesho.

Ikafika harusi ya Jamila, binti wa mtaa wa pili. Ngoma inalia, shangazi wanapiga vigelegele, bibi harusi anatoka mlangoni. Emerance akabonyeza. Kamera ikakataa: kadi imejaa. Watu wanamtazama, jasho linamtoka. Akafanya alivyozoea. Akachagua picha zote za nyuma, akafuta kwa mara moja, bila kuangalia. Akaendelea kupiga.

Alipokaa kula ndipo akakumbuka. Akaweka kijiko chini.

Jirani yake, Papa Idrissa, alikuwa amekaa mkeka uleule. Papa Idrissa ana chumba chake karibu na soko, anaandikia watu barua na karatasi zao kwa kompyuta. Ni mtu wa maneno makali kidogo, lakini roho yake ni safi.

"Emerance, huu wali umekukosea nini?" aliuliza.

"Papa Idrissa, nimefuta picha ya baba yangu. Ilikuwa ni hiyo tu. Mama anaingojea."

"Umefuta saa ngapi?"

"Sasa hivi, bibi harusi alipotoka."

"Na nyuma ya kufuta umepiga ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi, usipige hata moja tena. Toa hiyo kadi."

"Na harusi ya watu, Papa? Watanila mimi badala ya mbuzi."

Papa Idrissa alifungua mfuko wake wa kazi. Alitoa kadi nyingine, ndogo, ndani ya kifuniko chake cha plastiki, akampa.

"Endelea na hii," alisema. "Sikiliza vizuri. Ukifuta picha, kamera inaondoa jina lake tu. Picha yenyewe bado iko palepale, mpaka picha mpya ije kukaa juu yake. Kila picha unayopiga inatafuta pa kukaa. Usiikalishe juu ya baba yako."

Emerance alipiga harusi yote iliyobaki kwa kadi ile.

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Papa Idrissa, kompyuta yake kwapani. Papa Idrissa alitia ndani programu ya kutafuta picha zilizofutwa, kisha akachomeka kadi.

"Zinazopatikana tunaziweka kwenye kompyuta," alisema. "Tukizirudisha kwenye kadi, zinaweza kufunika zile tunazotafuta."

Walingoja. Picha zikaanza kurudi moja moja: wanafunzi, mtoto wa ubatizo, mbuzi wa jirani. Ikaja picha ya kwanza ya Mwamba. Sehemu ya juu ilionekana, iliyobaki ilikuwa kijivu kitupu. Paa la stesheni lipo, uso hakuna. Ya pili ilikataa kufunguka kabisa. Emerance alifumba macho.

"Fumbua," Papa Idrissa alisema.

Ya tatu ilikuwa nzima, pamoja na nyundo, stesheni na uso.

Emerance alilia bila haya. Alishika mikono ya Papa Idrissa, akasema asante mpaka mwenye kushukuriwa akachoka kuisikia.

"Utanishukuru ukijifunza," alisema Papa Idrissa. "Leo tumepona. Siku nyingine hatuponi. Kaa hapa."

Akamwonyesha namna ya kutengeneza dosiye, mahali pa kuweka picha ndani ya kompyuta, akamwambia aipe jina. Emerance akaandika: Picha mpya. Akatengeneza nyingine: Picha mpya 2.

"Mwakani zitakuwa bado mpya?" Papa Idrissa aliuliza.

Emerance akacheka, akafuta. Wakatengeneza dosiye moja ya mwaka. Ndani yake, kila kazi ikapata dosiye yake. Jina lilianza na mwaka, mwezi, siku, kisha shughuli yenyewe: Harusi ya Jamila. Kwa namna hiyo kompyuta ilizipanga yenyewe, kazi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Sasa hamisha za harusi. Usizikate, maana zitaondoka kwenye kadi. Zinakili. Ukikata, halafu umeme ukatike katikati, unaweza kukosa huku na kule. Na umeme wetu unaujua."

"Naujua, Papa."

"Ukimaliza, hesabu. Kwenye kadi ziko ngapi? Kwenye kompyuta ziko ngapi? Fungua chache uone kama ni nzima. Kisha nakili tena kwenye disiki hii ya nje. Hapo tu njo unaweza kusafisha kadi yako."

"Na disiki niiweke kando ya kompyuta?"

"Mwizi akiingia, atakuachia moja? Ikae nyumba nyingine. Iache kwangu."

Tangu siku ile Emerance hakulala na picha ndani ya kamera. Kila kazi ilipoisha, alinakili, akahesabu, akaandika jina. Hazikupita wiki tatu, Didier wa mtaa wa sokoni akaja na kitambaa cha matanga kichwani. Bibi yake amefariki, na familia haina picha ya kuweka mbele ya watu. Emerance alifungua dosiye ya ubatizo. Bibi alikuwamo, amempakata kitukuu, anacheka. Didier alimshika Emerance bega, akaondoka na bibi yake kwenye fleshi mfukoni.

Mavuno yakaisha. Mama Jeannette akateremka kwenye pikipiki, na mfuko wa mpunga. Hata maji hakuomba.

"Yuko wapi?"

Emerance akamletea picha kubwa, amevuka mto mwenyewe kuichapisha. Mama Jeannette akaketi, akaiweka magotini. Alipitisha kidole kwenye paji la uso, kwenye mdomo, kwenye ile nyundo.

"Njo yeye," alisema. "Mungu wangu, asante. Njo yeye." Kisha akauliza, "Na hii ikipotea?"

"Iko nyingine kwenye kompyuta, na nyingine kwa Papa Idrissa."

"Mumefanya vizuri. Wakati wa vita mbegu zangu niliziweka hivyo, nusu kwangu, nusu kwa dada. Picha sikujua kama zinawekwa hivyo." Akafuta machozi. "Kesho Idrissa nitampelekea mpunga."

Kisha akamshika Emerance mkono, akamvuta, akamsimamisha mbele ya picha, kama unavyomleta mtu asalimie mgeni.

"Baba Emerance," alisema, "ule mutoto wetu njo huyu. Yeye njo alikurudisha nyumbani."