Kikombe Alichokiacha Yeremia

Jumamosi hiyo soko la Mwaloni lilifurika watu. Dorcas alikuwa ameinamia fungu la dagaa akivutana bei na muuzaji, huku mkono mmoja ukilikusanya gauni lake la kitenge cha njano lisiguse tope, aliposikia sauti nyuma yake.

"Mama, muuzie tu. Huyu hata maji ya ubatizo angeomba apunguziwe."

Aligeuka na jibu kali mdomoni, likamfia papo hapo. Alikuwa Yeremia! Walibatizwa pamoja Magu, wangali wanafunzi, kisha masomo yakawatenganisha. Sasa alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, tabasamu ni lile lile.

"Yere! Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Nani kakuruhusu kupendeza hivi sokoni?"

"Acha zako bwana."

Hakuacha. Alimpigia simu kila jioni, akajiunga na kwaya yao pale Igogo, akaimba besi mpaka akina mama wakawa wanageuka. Dorcas alimpenda wala hakuficha. Alicheka na simu jikoni hadi mboga ikaungua. Mwishowe washenga walifika Kiseke kwa wazazi wake na posa ikapokelewa. Mchungaji alisema ataanza kuitangaza ndoa yao Jumapili inayofuata ile ya Meza ya Bwana.

Siku ya Meza walikaa bega kwa bega. Sinia la vikombe vidogo vya divai lilipomfikia Yeremia, alilipokea kwa mikono miwili, akampitishia Dorcas bila kuchukua kitu.

Katika kanisa lao, anayeipitisha Meza ana dhambi aliyoificha, na kwa mchumba wa mtu dhambi hiyo huvaa sketi. Hilo hakuna asiyelijua. Dorcas alikunywa chake. Ibada ilipokwisha alitoka bila kuaga, na simu hakupokea mpaka Jumatano.

"Ni nani?" aliuliza mara tu alipopokea.

"Nani nani, mpenzi?"

"Huyo mwanamke. Nitajie jina tu, Yere. Nisije nikawa namsalimia."

"Njoo Capri Point jioni. Mambo haya si ya kwenye simu."

Alimkuta ameketi juu ya jiwe, ziwa limetulia mbele yake. Dorcas alibaki amesimama, mkoba kifuani.

"Hakuna mwanamke," Yeremia alisema. "Siamini tena, Dorcas. Nimejaribu. Nikiomba najisikia mwenyewe tu nikiongea."

"Nani kakukosea? Ni mchungaji?"

"Hakuna aliyenikosea. Imani imeondoka polepole, hata siku yenyewe siijui. Kwaya nilikuja kwa sababu yako. Lakini kile kikombe... mkono ulikataa."

Dorcas aliketi. Huzuni ilimjaa kwa utaratibu, kama maji yanavyojaa ndoo. Alitamani, Mungu amsamehe, angekuwepo huyo mwanamke.

"Ungekuwa na mtu ningekusamehe," alisema. "Ningelia wiki nzima, ningemtukana, halafu ningekusamehe. Hili nikusamehe nini? Hujanikosea."

"Basi tuoane." Yeremia alimshika mkono. "Mchungaji akiniuliza, nitasema naamini. Neno moja tu, mpenzi wangu. Nani atajua?"

Dorcas alimtazama. Tangu siku ya dagaa alikuwa hajawahi kumpenda kama alivyompenda saa ile, na alijua kwamba anampoteza.

"Jumapili ulishindwa kumdanganya Mungu usiyemwamini. Leo unataka kumdanganya kwa ajili yangu? Hapana, Yere. Ukifika huko utakuwa si wewe niliyekupenda."

"Kwa hiyo?"

"Kesho namwambia mchungaji asitangaze."

Yeremia aliinamisha kichwa. Hakubisha, na Dorcas angefurahi kama angebisha.

Nyumbani mama yake alikuwa akichambua mchele. Alimwona macho, akaweka ungo chini.

"Ana mwanamke?"

"Hana, mama."

"Mlevi?"

"Hapana."

"Sasa amekosa nini mtoto wa watu?"

"Hajakosa kitu. Haamini tena."

Mama alimvuta mwanawe, akamlaza mapajani kama alipokuwa mdogo, akamwacha alie.

Simu ilipoita, wote wawili waliliona jina. Mama aliondoka na ungo wake.

"Umefika salama?" Yeremia aliuliza.

"Nimefika."

"Haya. Lala vizuri, Dorcas."

Kila jioni walikuwa wakiagana kwa maneno yale yale, naye Dorcas alisita, maana sasa hakujua kama ana haki ya kuyasema. Akayasema hata hivyo, kwa moyo wake wote.

"Mungu akulinde, Yere."

Siku zote alikuwa akijibu amina.

"Asante," Yeremia alisema.